Tafsiri ya Farsy: nunueni, na maelezo ya chini msiyaruke

Nianze na jibu, maana najua wengine mnasoma hapa mmesimama dukani na kitabu mkononi: ndiyo, nunueni. Tafsiri ya Qur'ani ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy bado ina thamani ya pesa yake, hata kama simu yako imeshajaa Qur'ani za Kiswahili za bure. Ila mjue mnanunua nini. Anayetafuta Kiswahili chepesi cha kusoma huku amejilaza atachoka kabla ya kuimaliza Al-Baqara. Na anayetaka kitabu cha kupamba kabati la sebuleni achukue chochote chenye nakshi za dhahabu, wageni wake hawatajua tofauti.

Nasomesha darsa ya akina mama hapa Tanga, baada ya alasiri. Kila anapoingia mwanadarsa mpya huuliza "mwalimu, ninunue tafsiri ipi?" na siku hizi lipo swali jingine nyuma yake, gumu zaidi: ninunue ya nini, na simu ninayo? Basi nimekaa nazo zote mbili kwa muda, kitabu juu ya marufaa na simu pembeni, nikisomesha aya zile zile kwa pande zote mbili.

Kitabu chenyewe, kwa asiyekijua, ni kizito. Kinapita kurasa 800, Kiarabu na Kiswahili vinakwenda sambamba, na chini kuna maelezo kwa herufi ndogo. Kilitoka kikiwa kamili Nairobi mwaka 1969, kikichapishwa na Islamic Foundation, baada ya kuwa kikitoka sehemu sehemu. Mwenyewe sheikh alizaliwa Unguja 1912. Alikuwa mwalimu wa skuli miaka mingi kabla ya kuwa kadhi wa Zanzibar mwaka 1960. Baada ya Mapinduzi akahamia Kenya, na mwaka 1968 akashika ukadhi mkuu wa nchi ile. Amefariki Oman mwaka 1982.

Ualimu wake nimeutaja kwa makusudi, kwa sababu ndio unaosikika ndani ya kitabu kuliko ukadhi. Farsy haachi sentensi iende peke yake. Anafungua mabano katikati, anakueleza anayezungumzwa ni nani, anafunga, anaendelea, kisha anafungua mengine. Tazama basmala tu. Tafsiri nyingine zinasema Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu, zinapita. Yeye anaandika "Mwenye kuneemesha neema kubwa kubwa na neema ndogo ndogo." Mama zetu waliosomea humo wanaisema hivyo hivyo hadi leo, na ukiwasomea ile fupi wanakutazama kama umeruka kitu. Kwa kweli yale ni maelezo ya wanavyuoni yaliyoingizwa ndani ya tarjuma. Mwanafunzi mgeni hawezi kujua mpaka uko wapi baina ya maneno ya Mwenyezi Mungu na maelezo ya sheikh, na hilo nalihesabu kuwa kasoro. Lakini darasani, wallahi, linafanya kazi. Mwanamke asiyejua Kiarabu hata kidogo anatoka na maana, na hahitaji kusubiri mtu amfafanulie.

Na kusubiri mtu ndiko kulikokuwa desturi. Bibi zetu walihitimu Qur'ani kwa kuisoma tu, maana yake walikuwa hawaipati kitabuni. Ikifika Ramadhani, sheikh hukaa msikitini baada ya alasiri akasoma Jalalayn, kitabu mashuhuri cha tafsiri, kwa Kiarabu na kuieleza kwa Kiswahili, wanaume wakamzunguka, na mwanamke kama ana bahati akasikiliza kutoka nyuma ya ukuta. Kama hana, humsubiri mume arudi amsimulie alichokumbuka. Elimu ilikuwa kifuani mwa mtu, na mtu huyo alikuwa na ijaza, yaani ruhusa ya kusomesha, kutoka kwa mwalimu wake. Walikuwapo masheikh waliochukia tafsiri ya Kiswahili kwa sababu hiyo hasa. Sababu walizozitoa ni za kisheria, kwamba maneno ya Mungu hayahamishiki, na nyingine ni za haki kabisa. Lakini nadhani waliona pia kwamba kitabu kikishaingia jikoni, jikoni nako kutaanza kuuliza maswali.

Farsy hakuwa wa kwanza kufungua mlango huo. Mombasa, miaka ya 1930, Sheikh al-Amin bin Ali al-Mazrui alikuwa ameshaanza kuwasemesha watu dini kwa Kiswahili cha gazeti, kwanza Sahifa kisha Al-Islah, na aliianza tafsiri ambayo mauti yalimkuta mwaka 1947 hajaimaliza. Yeye naye alikuwa Kadhi Mkuu. Kwa hiyo msidhani mabadiliko haya yaliletwa na watu wa nje ya baraza la ulamaa. Walioanza kuhamisha elimu kutoka kwenye duara la msikiti kwenda kwenye karatasi ni makadhi wenyewe.

Sasa nije kwenye maelezo ya chini, ambayo ndiyo sababu yangu kubwa ya kukisifu kitabu hiki, na ndiyo ambayo watu wengi huyaruka.

Kabla ya Farsy kulikuwa na tafsiri kamili mbili za Kiswahili. Ya kwanza, ya 1923, iliandikwa na padri, Godfrey Dale wa UMCA, misheni ya Kianglikana, Zanzibar, ikachapishwa London. Ya pili, ya 1953, ilitolewa Nairobi na jumuiya ya Ahmadiyya, wanaomwamini Mirza Ghulam Ahmad wa Qadian, India, kuwa nabii, chini ya Sheikh Mubarak Ahmad, akisaidiwa na watu akiwemo mshairi Kaluta Amri Abedi, ambaye baadaye alikuwa meya wa Dar es Salaam na waziri. Fikirini hali hiyo. Mwislamu wa Kisunni anayetaka kusoma Kitabu chake kwa lugha yake mwaka 1955 ana hiari mbili: ya padri, au ya watu ambao masheikh wake wanamwambia wako nje ya dini. Farsy aliandika akiwa na tafsiri hizo mezani, na hafichi. Ukifika Al-Ahzab aya ya 40, ile ya Mtume kuwa khatamu, yaani mwisho, wa Manabii, ukurasa wa chini unachemka. Anawataja Makadiani kwa jina (wenyewe hujiita Waahmadiyya, hilo la Makadiani hawalipendi), anasema wamekosea wapi, anatoa hoja yake ya lugha, analeta hadithi. Ni ugomvi ulioandikwa, tena ugomvi wa mtu aliyejitayarisha.

Nimewahi kuulizwa kama si aibu, matusi ya masheikh kukaa chini ya Qur'ani. Zipo sehemu ukali umezidi, sikatai, na vijana wanaozisoma leo hawana habari ya mabishano ya miaka ya 1950, wanaona mtu anapiga kelele peke yake chumbani. Toleo jipya lingehitaji dibaji ya kueleza nani alikuwa akijibizana na nani. Lakini mimi kama mwalimu, ukurasa huo ni hazina. Unamwonyesha mwanadarsa kwamba tafsiri ni kazi ya mtu, mtu mwenye jina na mahali na wapinzani, na kwamba upinzani una adabu yake ya kuleta dalili. Nawaambia: msikubali neno la Farsy kwa sababu ni Farsy, tazameni ameleta nini. Na mkiwa na wasiwasi, mwendeeni anayejua zaidi yangu na aya mkononi.

Bi mmoja katika darsa yetu, mtu mzima, msomaji wa maulidi tangu usichana wake, hampendi Farsy hata kidogo. Sababu yake inajulikana: sheikh katika umri wake mkubwa aliandika vijitabu vya kupinga bid'a, yaani mambo yaliyozushwa katika dini, na mengi aliyoyakemea ndiyo anayoyaona Bi huyu kuwa ni mapenzi kwa Mtume. Tukifika kwenye maelezo yanayoelekea huko, yeye huweka miwani chini, anasema "hapo nasubiri," tunasoma, kisha anajibu. Ana majibu mazuri. Anamjua sheikh kwa jina, anajua alikosomea, anajua nani katika masheikh wa Unguja na Lamu hakukubaliana naye, anaweza kumkatalia huku anamwombea rehema. Darsa nzima hujifunza zaidi kwa dakika hizo kuliko kwa mimi kusema saa nzima.

Jaribu kubishana na simu.

Hapa ndipo ulinganisho wangu unapokuwa mkali kidogo. Tafsiri iliyomo ndani ya programu nyingi za Qur'ani kwa Kiswahili ni ya Sheikh Ali Muhsin al-Barwani, na sababu mojawapo ni kwamba ndiyo inayopatikana tayari kwa kompyuta. Tovuti ya Tanzil inaitoa kwa yeyote, na watengeneza programu huchukua kilicho tayari. Ni tafsiri nzuri, nisieleweke vibaya. Kiswahili chake kimetulia, mabano ni machache, sentensi inapumua. Nikitaka kusoma juzuu nzima bila kusimama, nasoma Barwani.

Na mwenyewe ni hadithi. Huyu hakuwa kadhi. Alisomea kilimo Makerere, akahariri gazeti la Mwongozi, akaongoza chama cha siasa cha Zanzibar, ZNP, akawa Waziri wa Mambo ya Nje katika serikali ya Desemba 1963 iliyoangushwa baada ya mwezi mmoja. Akafungwa kiasi cha miaka kumi, akaishia uhamishoni. Tafsiri yake ilitoka 1995 kwa msaada wa taasisi ya hisani ya Sheikh Zayed ya Abu Dhabi, na imeegemea Al-Muntakhab, tafsiri fupi iliyotungwa Misri na jopo la wanavyuoni. Yaani ndani ya miaka 26 tafsiri ya Kiswahili imetoka mikononi mwa Kadhi Mkuu ikaingia mikononi mwa mwanasiasa na mhariri, na umma umeipokea bila kuuliza ijaza iko wapi. Mimi siuoni kuwa ni msiba. Wakati huo huo Dar es Salaam ilikuwa na Warsha ya Waandishi wa Kiislamu, iliyoundwa 1975, wasomi wa chuo kikuu na walimu wakiandika vitabu vya dini ambavyo zamani vingeandikwa na sheikh peke yake. Na mtoto wa yule Sheikh al-Amin wa Mombasa, ambaye baba yake alimtakia akasome dini Azhar, Misri, aliishia kuwa Profesa Ali Mazrui, akawaeleza walimwengu Uislamu wa Afrika kupitia televisheni mwaka 1986. Wako wanaosema mtu wa chuo kikuu hana haki ya kusemea dini. Wangemuuliza kwanza baba, aliyeacha mimbari akashika gazeti.

Tatizo langu si Barwani, ni jinsi simu inavyomhudumia. Katika toleo la kuchapishwa, aya zimewekewa ufafanuzi kutoka Al-Muntakhab. Katika programu niliyonayo mimi, ambayo siitaji kwa sababu zenzake nyingi ni hivyo hivyo, ufafanuzi umekatwa. Imebaki tarjuma tupu. Jina la mfasiri halipo kwenye ukurasa wa kusomea. Nililipata ndani kabisa, kwenye mipangilio, chini ya orodha ya lugha, limeandikwa kwa kifupi. Dibaji hakuna. Mwaka hakuna. Mwanadarsa anasoma, anainua kichwa, anasema "Qur'ani inasema hivi." Namwambia hapana mwanangu, Sheikh Ali Muhsin ndiye anayesema kwamba Qur'ani inasema hivi. Anacheka, anadhani namtania.

Kisha huja hatua ya pili, picha ya skrini. Aya moja inakatwa, inatumwa kwenye kundi la WhatsApp, chini yake klipu ya sauti ya sheikh wa dakika mbili ambaye hatajwi jina wala mji. Inapofika kwangu imeshapita makundi chungu nzima, na kazi yangu ya jioni hiyo inakuwa kutafuta ilikotoka. Watu husema siku hizi kila mtu amekuwa mufti. Ninachokiona mimi ni kibaya kuliko hicho: mufti hayupo, imebaki fatwa inatembea yenyewe. Yule sheikh wa Jalalayn ungeweza kumfuata mlangoni baada ya swala. Farsy unaweza kumfuata kitabuni, kasema hili ukurasa huu, na mpinzani wake kasema lile. Klipu unamfuata nani?

Kwa haki ya simu, nitasema inavyonifaa. Kutafuta neno ni rahisi ajabu. Nikitaka aya zote zenye kutaja mizani nazipata kabla chai haijapoa, ilhali fahirisi ya Farsy si ya kutegemea. Mwanamke mwenye macho mabovu anakuza herufi. Anayejifunza anasikiliza qari huku anafuatisha. Na wale ambao hawawezi kununua kitabu, na ni wengi, wamepata Qur'ani yenye maana, jambo ambalo bibi zao hawakulipata. Sitaki nionekane nawakemea watu kwa kutumia walichonacho.

Kasoro nyingine za Farsy nizipitie haraka. Kiswahili chake ni cha Unguja cha zamani, na wanadarsa wanaotoka bara hukwama. Tumekuwa tukiandika maana pembeni kwa penseli. Uakifishaji ni wa zama zake. Maelezo mengine ni marefu na mengine yanakatika pale hasa unapotaka zaidi. Na kwa aya zinazotuhusu sisi wanawake, kuanzia talaka hadi mirathi, maelezo yote yameandikwa na mwanamume akiwasemesha wanaume: "mke wako," "wakezo." Barwani vile vile. Mimi bado sijashika tafsiri kamili ya Qur'ani ya Kiswahili yenye jina la mwanamke juu ya jalada, na waalimu wa kike wanaosomesha tafsiri pwani hii tangu zamani wapo. Haya mambo tunayasema kwa mdomo, kwenye darsa, na mdomo hauchapishwi.

Kwa hiyo ununue nini? Kama unasomesha, chukua Farsy, na kama mfuko unaruhusu tafuta Barwani ya kuchapishwa yenye ufafanuzi wake, uziweke pamoja. Kama unasoma peke yako kwa mara ya kwanza, anza na Barwani, hata ya kwenye simu, lakini ingia kwenye mipangilio umjue mfasiri kwanza. Kijana wa chuo anayependa historia ya fikra za Waislamu wa pwani hii asome Farsy kuanzia chini kwenda juu, maelezo kwanza. Watoto wadogo muwaache na juzuu amma na mwalimu wao.

Tahadhari ya ununuzi: kuna nakala zilizorudufiwa ovyo sokoni. Kiarabu chake kinasomeka kwa sababu herufi ni kubwa, Kiswahili kinasomeka kwa taabu, na maelezo ya chini yamekuwa moshi. Muuzaji mmoja aliniambia "hayo hayasomwi na mtu." Usikubali. Fungua Al-Ahzab pale pale dukani, na kama huwezi kusoma maandishi ya chini bila kukisogeza kwenye mwanga, rudisha. Kama ni nakala ya mkono wa pili, tazama na kurasa za mwisho kabla hujalipa, kwa sababu sura fupi ndizo zinazofunguliwa zaidi na ndizo zinazochomoka. Yangu ilikuja bila Al-Ikhlas, Al-Falaq na An-Nas, na fundi wa kujalidi akanibandikia kurasa za fotokopi ambazo rangi yake haifanani na kitabu.